Kibanda cha Mwisho Hakina Ndege Siku Hizi

Tarehe 6 Februari

Mjomba,

Nianze na hili kabla ujasiri haujaniishia, salamu zitafuata. Huwa nafumba macho ninapobofya. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Ndege akitulia niko sawa kabisa, namweka katikati ya kioo, napumua taratibu kama ulivyonifundisha, halafu kidole kikigusa tu kitufe macho yanajifunga yenyewe, kama mtu anayesubiri kofi. Ni mabawa. Ndege akiruka ghafla nashtuka mpaka kwenye magoti. Uliniachia kamera ukiamini umemwachia mtu anayependa ndege, na kweli nawapenda, ila wakiwa wametulia, au wakiwa kitabuni.

Basi, nimeshasema. Sasa shikamoo.

Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Amepata kazi ya sare za shule nzima, kwa hiyo tunaishi ndani ya kitambaa cha buluu. Kuna mikono ya mashati kwenye kochi, kola juu ya friji, na juzi nilitoa uzi kwenye chai yangu nikaendelea kunywa. Mdogo wangu ameng'oka meno ya mbele na sasa kila anachosema anakipuliza. Shuleni, kwenye somo la Kiingereza, mwalimu alisoma insha yangu mbele ya darasa nikatamani dawati lifunguke niingie. Kisha akaniuliza, "Wewe unayeandika hivi, mbona husemi?" Nikamjibu kwa kutosema.

Matembezi ya Jumamosi yanaendelea, kama kuendelea ndiko huku. Tangu uondoke, hifadhi imemweka karani wa ofisini awaongoze wageni badala yako. Tunamwita Bwana Koti kwa sababu ya lile koti lake la nailoni ambalo halivui hata jua likiwaka. Akitembea linasema chwa chwa chwa, na ndege wote wa kinamasi wameshajua maana yake. Akisimama ili tusikilize, upepo unalipuliza, linasema chwa peke yake. Upepo wenyewe mwaka huu umetuamulia. Matete yamelala, maji yamekunjamana, na kuna mama mmoja mgeni ambaye matembezi yote ni ya kukimbiza kofia yake.

Nimejaribu vipepeo, maana mabawa yao hayana kelele. Kuna yule wa manjano mwenye ukingo mweusi anayependa maua ya kando ya njia. Kila ninapomkaribia upepo unaliyumbisha ua, naye anayumba nalo. Nimekuwekea picha. Usitafute kipepeo kwenye ile ya tatu, mimi mwenyewe nimemtafuta nikaacha. Kilichopo pale pembeni ni kidole changu.

Mama anasema kidonda cha mguu kinafunga vizuri. Utarudi lini? Kwenye simu siwezi kukuuliza, unanijua, kwenye simu mimi ni "ndiyo mjomba" na "sawa mjomba" mpaka salio liishe.

Ni mimi,
Sisimizi


Tarehe 1 Machi

Sisimizi,

Marahaba. Barua yako ilizunguka mji mzima ndani ya gari la mkwe wangu, chini ya tairi la akiba, mpaka alipopata pancha. Kwa hiyo usinihesabie uvivu, mshukuru msumari.

Huku hatujambo. Binti yangu hajambo, mumewe hajambo, na televisheni yao haijambo kuliko sisi wote, inaamka kabla yetu. Kuna kijana wa mazoezi ya viungo anayekuja kunitesa kwa adabu. Ananiita baba mkubwa huku akinikunja kama kitanda cha safari. Nikigoma anasema, "Baba mkubwa, hasira ni nzuri, isukume kwenye misuli." Nina hasira ya kutosha kusukuma treni.

Sasa picha. Nimezitazama nikiwa na miwani, nikazitazama bila miwani, nikaona afadhali bila. Ya kwanza ni picha ya upepo. Ya pili ni yangeyange, au ni shuka la mtu limedondoka kwenye kamba. Ya tatu nimekisalimu kidole. Kuhusu kufumba macho nilicheka kwanza mpaka binti yangu akaja kuuliza kuna nini, kisha nikakasirika. Mtoto wewe, miaka yote hiyo umetembea nyuma yangu, na hukuniambia?

Sikiliza. Ndege haruki ghafla. Wewe ndiye unayemwona ghafla. Kabla ya kuruka hukaza shingo, huinama kidogo, kama mtu anayetaka kunyanyuka kitini lakini bado anaongea. Mtazame anapoinama. Ukishajua anaondoka, utashtukia nini? Na kipepeo usimkimbize. Tafuta ua lililokingwa na kichaka, kaa hapo, usubiri. Upepo nao hupumzika. Kuna kituo kifupi katikati ya mvumo mmoja na mwingine, hicho ndicho chako. Na ushuke, Sisimizi, ushuke mpaka usawa wa jicho lake. Aliyesimama wima anapiga picha za migongo tu.

Nimekuwekea chache nilizopiga hapa uani, shomoro na njiwa wanaokuja kunywa kwenye bomba, upate kuona jicho linavyotakiwa kukaa. Ni ndege wa kawaida, lakini ukiwa umefungiwa mahali unapiga kilichopo.

Jambo lingine. Picha zako zote umepigia kwenye kibanda cha kwanza cha kuchungulia ndege. Usibishe. Matete yameinama upande mmoja na jua liko bega lile lile. Kwa nini huendi kibanda cha mwisho? Kile nimekijenga mimi, kila msumari naujua. Mkabala wake kwenye ukingo wa udongo kuna mdiria, na mwezi huu atakuwa na makinda. Nipigie huyo.

Mguu haunisumbui tena. Tuachane na habari za mguu.

Mjomba wako


Tarehe 27 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kijana wa mazoezi anaendelea kukukunja. Sisi wazima. Mama amemaliza mashati, sasa ni sketi, kwa hiyo buluu haijaisha, imeshuka tu. Mdogo wangu ameota jino moja na anamwonyesha kila anayepita.

Ulipopiga simu juzi, mama aliichukua akatoka nayo nje mpaka kwenye kamba za nguo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema ni vumbi la kitambaa.

Kibanda cha mwisho hakina ndege siku hizi. Ndiyo maana siendi.

Wacha nikusimulie Jumamosi. Tulikuwa wachache, upepo ukitutukana masikioni. Yule mama wa kofia, ambaye sasa ameifunga kidevuni kwa mtandio, akamwonyesha Bwana Koti ndege aliyesimama kwenye kigingi.

"Yule ni ndege gani?"

"Wa majini," akasema Bwana Koti.

"Na yule pale?"

Bwana Koti akamtazama kwa makini sana. "Wa majini pia. Ila mkubwa."

Wa kwanza alikuwa mnandi, anakausha mabawa, na wa pili kwarara. Nilikuwa nyuma yao, majina yote mawili yako hapa kwenye meno, na hayakutoka. Mama wa kofia akageuka. "Na huyu mtoto, mbona hasemi?"

"Huyo ni mpiga picha," akajibu Bwana Koti, kwa sauti ile ya kumwambia mtu kwamba fulani ana kifafa.

Nilirudi nyumbani nimechukia watu wote watatu, nikiwemo mimi.

Lakini nimefanya ulivyosema. Nilikaa chini nyuma ya kichaka mpaka wakaniacha. Matope yakaingia sketi, mama bado anaisema. Upepo ukavuma, ukavuma, ukatulia, na kipepeo wa manjano akafungua mabawa juu ya ua kama mtu anayefungua gazeti. Nikabofya. Macho yalikuwa wazi, Mjomba. Nilijua yako wazi kwa sababu niliona kioo kikifumba chenyewe. Picha hiyo nimeiweka juu ya zote.

Hujajibu swali langu la kurudi.

Sisimizi


Tarehe 19 Aprili

Sisimizi,

Marahaba. Hapa wote wazima na televisheni bado iko hai.

Kipepeo ni mzuri. Bawa la kushoto limeungua kidogo na jua, lakini ni mzuri, nimemwegemeza kwenye chupa ya dawa ninamwona nikiamka. Usivimbe kichwa.

Sasa tusikilizane. Mimi nimekuuliza kibanda, wewe unaniletea kofia ya mgeni. Kibanda cha mwisho hakina ndege? Ungeniambia soko halina watu ningekuelewa haraka zaidi. Kibanda kile kiko mdomoni mwa maji, samaki wadogo wanapita chini yake kama wanalipwa. Kama unaogopa njia ndefu, sema. Kama Bwana Koti hafiki huko kwa sababu viatu vyake ni vya ofisini, sema pia. Lakini usinipambie maneno. Huna kipaji hicho, na ndicho kitu ninachokupendea.

Unauliza nitarudi lini. Nitarudi. Nikirudi nitakuwa mbele ya msafara na huyo bwana na nailoni yake watabaki ofisini wakagonge mihuri. Haya, umeridhika?

Nimeongeza picha za bombani. Mtazame yule njiwa mwenye baka shingoni. Ucheze na ule mchezo wetu ukizipata, wa kubahatisha aliyepiga alikuwa amesimama, amechuchumaa au amebebwa mgongoni na mama yake. Usiusahau, unafundisha jicho.

Na barua hizi zikae kwako. Mama yako ana mambo mengi, tusimwongezee.

Mjomba wako


Tarehe 10 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Sketi zimekwisha.

Nimeucheza mchezo wetu.

Leo mama alienda kupeleka sare, nikafuta meza yake ya kukatia nikazipanga picha zako zote, za mwezi wa tatu na hizi mpya. Mwanzoni nilitaka kuona macho tu, kama ulivyoniambia. Shomoro aliye juu ya bomba, jicho lake liko sawasawa kabisa. Nikasema huyu ni Mjomba. Halafu nikamtazama njiwa aliye chini kwenye dimbwi. Nauona mgongo wake, Mjomba. Naona kichwa chake kutoka juu. Wewe ambaye ulilala kifudifudi kwenye tope kwa ajili ya ndege mdogo kama kitwitwi, mbele ya wageni waliovaa nguo nyeupe, umempiga njiwa mgongo. Nikamtazama mbayuwayu aliye kwenye waya. Hapo ungesimama juu ya ndoo, kama kawaida yako. Hukusimama. Nimeona tumbo tu.

Na ukuta wa nyuma una mstari, pale rangi ya chini inapokutana na ya juu. Mstari ule unakata kila picha mahali pale pale. Kila picha. Mtu anayetembea na kamera hawezi kufanya hivyo hata akitaka.

Nilibahatisha: hajasimama, hajachuchumaa. Nikachukua kiti cha mama cha cherehani, nikakitoa uani, nikakaa mbele ya bomba letu na kamera. Ni sawasawa na zako.

Umekaa. Kwenye picha zote umekaa. Wewe hata chakula ulikuwa unakula umesimama mlangoni, ukitazama juu.

Nakuuliza wewe, simuulizi mama. Mguu uko wapi?

Na mimi nakwambia langu ili usiseme nimekuchimba bure. Kibanda cha mwisho hakipo. Upepo ule wa Januari uliondoa paa, kisha kuta, kisha kikainama kikaingia majini, na njia ya mbao kuanzia kwenye kona ya mafunjo imeng'oka yote. Bado kuna vigingi tu, minandi wanakaa juu yake. Nilitaka kukuandikia siku ile ile. Mama akanishika mkono akasema, "Usimwambie mjomba wako, atavunjika moyo, sasa hivi anahitaji nguvu." Nikauliza nguvu za nini kama kidonda kinafunga. Akaniambia niokote pini sakafuni.

Kwa hiyo niambie na wewe alikushika mkono gani. Nimechoka, Mjomba. Nyumba nzima inanong'ona. Watu wananiita mimi ndiye nisiyesema, na wanaosema hawasemi kitu.

Sisimizi


Tarehe 6 Juni

Sisimizi,

Marahaba.

Nilichelewa kwa makusudi. Kwanza nilikasirika. Nikaandika barua ya kukuambia mtoto hachunguzi wakubwa, nikaisoma, nikaona imeandikwa na mtu mjinga, nikaichana. Kisha nikakaa siku nyingi na zile picha zangu mwenyewe mapajani. Mstari wa ukuta. Mimi ndiye niliyekufundisha kutazama mistari ya ukuta.

Walikata Januari, mguu wa kushoto, juu ya goti. Kidonda kilikuwa kimeingia kwenye mfupa, na daktari alisema tuchague mguu au mtu. Mama yako alikuja, zile siku alizokuambia amefuata vitambaa. Alikaa kando ya kitanda akaniambia, "Usimwambie yule mtoto, ana mitihani, na ni mwoga." Nikakubali haraka sana. Usimlaumu yeye peke yake. Ilinifaa. Kwenye barua zako mimi nilikuwa bado natembea.

Ulipoandika habari za kidonda, nikakujibu mguu haunisumbui. Huo ndio ukweli pekee niliokupa, na hata huo si kweli, unawasha usiku kucha na haupo.

Kwa hiyo kibanda kimeanguka. Sawa. Afadhali kimeanguka kikiwa hakina mtu.

Sasa nisikilize vizuri, maana nakujua, ukishakaa kimya sana unapanga jambo. Sirudi kwenye matembezi. Niliposema nitarudi nilikuwa nasema tu. Nina kiti cha magurudumu, na njia ile ya mbao niliitengeneza mimi. Mbao nimezilaza kwa urefu, zimefuatana na njia, na katikati nimeacha nafasi ili maji yapite na zisioze. Kazi safi. Ila tairi la kiti likiingia kwenye nafasi ile halitoki. Hata wakiijenga upya wataijenga hivyo hivyo, kwa sababu mchoro ni wangu na kila mtu anausifu. Na vibanda vyote nimetoboa dirisha la kuchungulia kwa kimo cha mtu aliyesimama. Kimo changu.

Sitaki kusukumwa kama toroli mbele ya wageni, watu wakinipisha na kunionea huruma kwa sauti ya chini. Usiende kwa kamati ya hifadhi. Usimwambie mtu. Mwachie Bwana Koti ndege wake wa majini. Kamera ni yako, sitaki kusikia habari ya kuirudisha.

Na usimwambie mama yako kwamba unajua. Atasema mimi ndiye nimeshindwa kukaa na siri.

Mjomba wako


Tarehe 3 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, anashona mapazia ya mtu. Mdogo wangu amekamilisha meno. Sasa salamu zimekwisha.

Yaani unanipa siri nimfiche mama kwamba najua kile ambacho mama alikuambia unifiche. Nimeisoma sentensi ile mara nyingi nikitafuta mahali pa kucheka. Nyie wawili mna umri gani?

Nimekwenda kwa kamati.

Kasirika sasa, nakusubiri. Umemaliza? Sikiliza.

Nilisikia kwa Bwana Koti kwamba wamempata fundi seremala, na kwamba mchoro ni ule ule wa zamani. Siku moja kabla ya kikao nilichukua kiti cha cherehani, mama akiwa kwa mwenye mapazia, nikakibeba kichwani mpaka hifadhini. Upepo ulikuwa unanigeuza nacho kama bendera. Nikakiweka ndani ya kibanda cha kwanza, nikakaa, nikapiga picha kuelekea pale ambapo mtu aliyekaa angehitaji dirisha. Nikakaa pembeni, nikapiga. Nikakaa katikati, nikapiga. Nje kulikuwa na yangeyange wengi kiasi kwamba nilisikia miguu yao kwenye tope. Nikazisafisha pale studio ya karibu na shule. Yule wa studio akanionea huruma, akaniuliza kama kamera imeharibika.

Kikao kilikuwa ofisini, viti vya plastiki, mwenyekiti wa kamati mbele, fundi na karatasi yake ameikunja kwapani. Mimi nilikaa karibu na mlango ili nikimbie. Mwenyekiti akauliza kama kuna neno lingine kabla hawajapitisha. Nilinyoosha mkono, nikaushusha, wakawa wameshauona. Nikanyanyuka nikaziweka picha mezani na kurudi kukaa.

Fundi akazichukua. Akazigeuza juu chini. "Hii ni picha ya nini?"

"Ya ndege," nikasema.

"Ndege yuko wapi?"

"Nyuma ya mbao. Ukikaa humwoni."

"Sasa mtu si asimame?" akasema Bwana Koti, akacheka. "Nani anakwenda kutazama ndege amekaa?"

Kama hangecheka labda ningenyamaza. Nilitaka kunyamaza, uliniamuru. Lakini nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na nikasikia mtu anasema kwa sauti kubwa, "Mjomba wangu. Mjomba wangu hana mguu."

Nilikuwa mimi.

Hata lile koti lilinyamaza. Mwenyekiti akavua miwani. Walikuwa hawajui, Mjomba, mama amewaambia wote kwamba kidonda kinafunga. Bwana Koti akainamisha kichwa, kisha akasema polepole, "Mimi ndege siwajui, wote mnafahamu. Nimekuwa nikisubiri arudi ili niache kuaibika kila Jumamosi." Kisha akamgeukia fundi. "Nyinyi mafundi, tairi linapitaje?"

Fundi akaifungua karatasi yako mezani, akaitazama sana. Alikuheshimu hata hapo, akauliza kama anaruhusiwa kuchora juu yake. Akasema mbao akizilaza kwa upana, zikikata njia, na nafasi akazipunguza, tairi litapita na maji yatapita. Ngazi ile ya kwenye kona ataifanya mteremko. Madirisha ya vibanda atatoboa mawili, moja juu, moja chini. Akanionyesha kwa mkono, "Hapa?" Nikasema shusha. "Hapa?" Nikasema shusha kidogo. Nilikuwa nasema tu, Mjomba, mbele ya watu, shusha, shusha, mpaka mkono wake ukafika mahali ambapo mimi napajua.

Kisha mwenyekiti akauliza kama kweli utakuja, maana hawezi kumwambia fundi abadilishe kazi kwa ajili ya mtu asiyekuja. Nikasema utakuja. Sikuwa na ruhusa yako. Mwishoni mwa Septemba njia itakuwa tayari, na Jumamosi ya kwanza ya Oktoba itafunguliwa, na wewe ndiye utakayeongoza. Bwana Koti ameshaandika kwenye ule ubao wa nje ya geti, kwa chaki, herufi kubwa. Jina lako lote.

Najua utasema toroli. Nitakusukuma mimi, na mimi siongei, kwa hiyo hakuna atakayekuonea huruma kwa sauti ya chini wala ya juu. Watu wakituangalia, waangalie. Unadhani mimi napenda kuangaliwa? Nilisimama mbele ya kamati nzima kwa ajili yako, na mpaka leo nikikumbuka nataka kuingia kabatini.

Nataka neno moja tu. Unakuja au huji. Ukiandika huji nitakwenda mwenyewe kulifuta jina lako ubaoni, mchana, watu wakipita, nitalifuta kwa mkono, na sitakuuliza tena. Lakini uandike wewe. Usimpigie mama simu ili yeye ndiye aje kuniambia niokote pini.

Sasa hivi kuna mtu amefungua geti. Ni mama, ametoka kwa mwenye mapazia. Najua malapa yake. Nimekumbuka kwamba njia ya kwa mwenye mapazia inapita mbele ya ule ubao wenye jina lako. Siku zote anapitia jikoni kwanza aweke mfuko, na leo hajapita jikoni. Anakuja huku moja kwa moja. Anaita jina langu, lile refu la kwenye cheti.

Mjomba, akiniuliza namwambia yote, sina nguvu tena ya kunong'ona. Ila karatasi hii asiione kwanza, naiweka chini ya